Tomaso Aenda Kanisani

Fundi cherehani huyu watu walimwita Tomaso, ingawa alikuwa mwanamke. Jina alipachikwa na kaka yake, siku ile alipotangaza mezani kwamba hamwamini Mungu. "Basi wewe ni Tomaso," kaka akasema. "Tena afadhali yule, alitaka kugusa kovu tu. Wewe hata ukigusa utasema limeshonwa vibaya." Walicheka mpaka wifi yake akamwaga chai, na jina likaganda.

Watu walimtafutia sababu. Wengine walisema ni kufiwa na mume, wengine wakasema ni vitabu. Ukweli ni kwamba hakuwa na kinyongo na Mungu wala na mtu. Siku moja tu, akipiga pasi, aligundua kwamba imani ilishamtoka zamani, kama unavyogundua kuwa jino lililokuwa likikuuma limenyamaza, na hujui tangu lini. Kaka yake, aliyekuwa kinyozi na mzee wa kanisa, hakumtenga. Kila Jumapili alimwombea kwenye chakula, kwa sauti, mbele yake, naye Tomaso alisubiri kwa adabu kisha akasema, "Haya, nimeombewa. Sasa nipitishieni bakuli." Ndivyo walivyozoeana, na walipendana kama chanda na pete.

Kwa hiyo Chiriku, binti wa kaka yake, alipotokea mlangoni mwa chumba cha kushonea akiwa na begi begani na macho yamevimba, Tomaso alidhani kuna msiba.

"Nani kafa?"

"Hakuna, Shangazi. Nimewaambia."

Chiriku walimwita hivyo kwa sababu alianza kuimba kabla hajajua kusema vizuri, na sasa alikuwa sauti iliyobeba kwaya nzima ya kanisa. Alimpenda mwanamke mwenzake, muuguzi wa zahanati. Shangazi alilijua hilo siku nyingi, maana wawili hao chai yao walikuwa wakija kuinywa kwake, kati ya marundo ya vitambaa. Sasa Chiriku alikuwa amewaeleza wazazi mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa vile alichoka kuwadanganya watu anaowapenda. Mama alilia. Baba alisema, "Siku utakayoiacha njia hiyo, urudi nyumbani." Nao wazee wa kanisa wakamwambia apumzike kuimba kwanza, mpaka apate ushauri.

Tomaso aliondoa vitambaa kwenye kiti. "Keti hapa. Mimi naenda kwa kinyozi."

Alimkuta kaka yake na mteja, mwalimu mmoja mnene, shavu moja limeshanyolewa, la pili povu tupu.

"Kaka, mwanao yuko kwangu."

"Afadhali yuko kwako."

"Afadhali angekuwa kwao."

Wembe ukasimama hewani. Mwalimu akafumba macho.

"Dada, haya ni mambo ya imani," kinyozi akasema. "Wewe huwezi kuyaelewa."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi nakataa kwamba Mungu yupo. Nakataa asubuhi, nakataa jioni. Maandiko yako mtu kama mimi yanamwitaje?"

Kaka akakohoa. "Mpumbavu."

"Asante. Na huyo mpumbavu unamkalisha karibu nawe kila Jumapili, unamchagulia kipande kinono. Mwanao anaamini kila unachokiamini, anamwimbia Mungu wako mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka, halafu yeye ndiye umemtoa nje. Hebu nieleweshe."

Kinyozi alifuta wembe kwa taulo, akaufuta tena ulipokuwa umeshatakata.

"Wewe sikukuzaa," alisema mwishowe. "Ukipotea wewe, nitalia. Akipotea yeye, nitaulizwa."

Tomaso alikuwa amejiandaa kupambana na kiburi. Hakujiandaa kukutana na hofu. Aliutazama mkono wa kaka yake, mkono uliozoea kupita kooni mwa watu bila kuteleza, akaona unaufuta wembe ule ule mara ya tatu.

"Samahanini," mwalimu akasema, macho bado kayafumba. "Mimi sina upande wowote, ila shavu langu linakauka."

Wakacheka wote, ingawa hakuna aliyetaka kucheka, na Tomaso akaondoka.

Njiani aliwaza juu ya watu wa kanisa lile. Aliwajua hadi vipimo vya viuno vyao. Alipofiwa, hao ndio waliofagia uwanja wake, wakachota maji, wakalala sakafuni pamoja naye, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaamini nini. Mikono ile ile leo ilikuwa imemwonyesha Chiriku mlango. Wangekuwa watu wabaya, angewachukia akamaliza. Tatizo lilikuwa kwamba walikuwa wazuri, na alishindwa kuona wema wao huwa unakwenda wapi mtoto kama Chiriku anaposimama mbele yao.

Alifika nyumbani bado anachemka. Muuguzi alikuwa amekuja na sare yake ya kazi, wamekaa na Chiriku wakimenya machungwa.

"Mwanangu, kanisa hilo achana nalo," Tomaso akasema. "Watu wasiokutaka wa nini? Jumapili utalala mpaka jua likuchome, kama mimi."

Chiriku aliweka chini chungwa lake. "Shangazi, nani kakwambia nataka kuachana nalo?"

"Si wamekufukuza?"

"Wao wamenifukuza. Yeye hajanifukuza." Akainua kidole juu kidogo, kwa aibu, maana alijua anaongea na nani. "Baba anataka nimwache huyu. Wewe unataka nimwache Mungu. Mbona kila anayenipenda anataka nipungue?"

Tomaso akaketi. Muda wote alidhani kwamba yeye hamwekei mtoto huyu masharti yoyote.

"Sasa unataka nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nataka kwenda ibadani Jumapili. Tunaogopa kwenda peke yetu."

Basi Jumapili ikafika, na Tomaso akaingia kanisani kwa miguu yake mwenyewe, Chiriku upande huu, muuguzi upande ule. Mhudumu wa mlangoni, bibi mmoja aliyeshonewa magauni na Tomaso tangu ujana wao, alimwona akapiga ukelele. "Bwana asifiwe! Tomaso kaokoka!"

Kina mama waligeuka. Mwingine alimkumbatia, mwingine akaanza kulia kabisa. "Sijaokoka jamani, nimesindikiza watu," Tomaso alijitetea, lakini nani alisikia? Kwa furaha ya kumpata kondoo huyu aliyepotea miaka yote, waliosogea ili apate nafasi ya kukaa walisogea kwa ajili ya wote watatu, na kabla mtu hajakumbuka kuwanunia wasichana, walikuwa wameshaketi katikati ya benchi.

Ibada ilimchosha. Wakisimama, yeye ndio kwanza anakaa; wakikaa, yeye anasimama. Lakini kwaya ilipoanza, Chiriku aliimba pale pale alipo, na Tomaso akamwona kaka yake, kule mbele, akiinamisha kichwa. Aliijua sauti bila kugeuka.

Wakati wa sadaka, wazee walipita na vikapu. Benchi lao lilimwangukia baba mtu. Kikapu kilitoka mkono hadi mkono, kikamrudia, naye hakuondoka.

"Umekonda," alimnong'oneza binti yake.

"Sijakonda, Baba."

"Umekonda," akarudia, akaenda.

Baada ya ibada, nje uani, mama yake Chiriku alimkimbilia mwanawe akamng'ang'ania. Baba alikuja nyuma, polepole, akasimama. Muuguzi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Kina mama wakageuka kutazama. Mtu anaweza kukunyima mkono, anaweza kukunyima kiti, lakini shikamoo aliyeisikia huwa haiachi hewani. Kinyozi alitazama viatu vyake, akamtazama msichana yule.

"Marahaba," alisema. Na ulimi, kwa mazoea ya kuwaitikia vijana maisha yake yote, ukamponyoka: "Marahaba, mwanangu."

Alishtuka mwenyewe. Lakini neno lilishatoka, na muuguzi alikuwa amelipokea kwa machozi, na hakuna namna ya kumnyang'anya mtu neno kama hilo. "Chakula kipo," akaongeza kwa ukali, na kutangulia njia.

Kwayani Chiriku hajarudishwa mpaka leo. Wazee bado wanasema wanaliombea jambo hilo. Hakurudi pia kulala kwa wazazi wake. Anaishi na muuguzi, vyumba viwili nyuma ya zahanati. Ila siku ile walikula wote meza moja, na baadaye kinyozi akatoka kuketi kizingitini kando ya dada yake.

"Sijabadili msimamo," alisema.

"Sijakuuliza."

"Naogopa, dada. Naogopa kumkosea Mungu, na naogopa kumkosea huyu mtoto. Sijui ni lipi litakaloniua kwanza."

Tomaso hakuwa na Mungu wa kumpa, wala hakutaka kumpora wake. "La Mungu sijui," alisema. "La mtoto, nenda kamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Kinyozi akamshika dada yake bega, akajiinua, akaingia ndani, na Tomaso akamsikia akiwauliza wasichana jikoni kama kuna sahani iliyobaki ya kukausha.