Diski Mbili za Pokuaa

Wiki nzima Pokuaa hakutulia. Diski yake ya zamani ya kompyuta ilikuwa inagonga, tak, tak, tak, na kila ikigonga yeye anaruka kitini. Kazi yake ni kutengeneza filamu za misiba, hapo hapo nyumbani kwake Ahinsan, Kumasi, lakini ndani ya diski ile mlikuwa na filamu moja isiyo ya msiba. Ilimwonyesha marehemu mzee Dapaah, siku hizo mzima wa afya, akimpa binti yake Maanu nyumba ya Atonsu kwa kinywa chake, na Maanu akitoa chupa ya kinywaji cha shukrani mbele ya mashahidi, ambayo kwa desturi yao ndiyo muhuri wa zawadi. Mashahidi wawili wameshakufa. Wa tatu, jamani, eti amesahau! Nakala ya Maanu iliibwa pamoja na simu yake. Bila filamu ile, Jumamosi kwenye kikao cha ukoo nyumba inakwenda kwa wapwa wa mzee, maana kwao urithi hufuata ukoo wa mama, na Maanu na wanawe wanatoka na magodoro yao.

Basi Pokuaa akamwendea Barima, muuza kompyuta wa Adum, akamchosha kwa maswali hadi chakula cha Barima kikapoa mezani. Achukue diski moja kubwa? Achukue mbili, moja akaifiche kwa dada yake? Au lile sanduku jeusi lenye diski mbili ndani?

"Sanduku, dada," Barima alisema. "Unachoandika kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Moja ikifa, nyingine ipo."

"Una hakika?"

"Mara ya sita hiyo unaniuliza. Unataka nikuapie kwa fufu yangu hii inayopoa?"

Akanunua sanduku. Akanakili kila kitu, na kesho yake ile ya zamani ikakata roho. Angalau sasa angetulia, lakini wapi! Kila dakika kumi anaacha kazi kwenda kutazama taa za sanduku kama bado zinawaka.

Alhamisi mchana akaingia Opanin Gyamera, mkuu wa ukoo wa marehemu, amejitanda kitambaa cheusi. Pokuaa akampa kiti, akampa maji, kisha akamuuliza habari iliyomleta.

"Jambo dogo tu, mwanangu. Ile filamu ya nyumba inatuletea fitina. Ifute."

Sasa, mwingine angekataa. Pokuaa hakulelewa hivyo. Mzee amekaa kwenye kiti chako, amekunywa maji yako, utamwambia hapana usoni? Mara akakumbuka sanduku. Diski mbili! Afute kwenye moja, mzee aende zake ameridhika, nyingine ibaki. Alijiona mjanja, maskini.

"Sawa, Nana," alisema, akimwita kwa jina la heshima la wazee. Akafuta, mzee akichungulia begani kwake.

"Na kwenye kapu la taka," Opanin alisema. "Mjukuu wangu ameniambia mna kapu humo."

Akalimwaga na kapu. Mzee akambariki, yeye na kizazi chake, akaondoka.

Pokuaa akachomoa diski ya kwanza, akafungua ya pili. Hamna. Akatafuta juu, akatafuta chini, hamna. Akampigia Barima.

"Dada, si nilikwambia unachoandika huku kinaandikwa na kule? Na unachofuta ni hivyo hivyo, kinafutika kote palepale. Sanduku linakulinda diski ikifa. Halikulindi na mkono wako mwenyewe."

"Nifufulie, Barima, nakuomba!"

"Lilete nijaribu. Ila kwa Jumamosi, siwezi kukuahidi."

Hata hajaweka simu chini, Maanu akabisha hodi na kuingia. "Nimekuja kuichukua," alisema, anatabasamu.

"Imefutika," Pokuaa alisema. "Hapana. Nimeifuta mimi. Opanin alikuja, akaniambia niifute, nikaifuta."

Maanu akaketi palepale sakafuni. Hakulia.

"Lakini mimi nilikuwepo!" Pokuaa alisema harakaharaka. "Kamera niliishika mimi. Nilimsikia baba yako neno kwa neno. Jumamosi nitasimama, nitasema."

"Mbele ya Opanin Gyamera?"

"Mbele yake."

Maanu akainuka sakafuni.

"Dada Pokuaa," alisema, "hapa ulikuwa nyumbani kwako, mko wawili tu, na ulishindwa kumwambia hapana."