Tundu la Panya

Chumba cha uani tulimpa mama yangu kwa sababu kina mlango wake peke yake, na mama hapendi kupishana na watu kila akitoka. Alihamia na kitanda kimoja. Haikupita muda, chumba kikawa ghala: ndoo zilizotoboka, redio mbili bubu, magunia ya nguo za marehemu baba, viti vya kukunja vilivyokataa kukunjuka, na maboksi yaliyopandana hadi karibu na dari. Nikimwambia tupunguze vitu, ananijibu nianze kwa kumpunguza yeye.

Nyumba yetu iko bondeni. Maji ya mteremko wote wa nyuma huingia uani kwetu, na hayana pa kutokea isipokuwa tundu moja lililoachwa chini ya ukuta wa ua. Tundu likijaa uchafu, maji hurudi kwenye msingi wa chumba cha mama, na msingi huo ulijengwa na mtu aliyependa mchanga kuliko saruji. Mimi tundu hilo nililijua kwa maji. Mama alilijua kwa panya. Aliwasikia wakipita, akawapa hadi majina ya utani, na hakuacha kunisumbua nilifunge.

Mvua zilipokaribia nilimwita fundi mwashi, jirani yetu tunayemwita Chapchap. Siku aliyokuja nilikuwa kazini na simu yake haipatikani, kwa hiyo nikampigia mama. Laini ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia amwambie fundi azibue lile tundu. Akauliza, lile la panya? Nikasema ndilo hilo. Akafurahi mno, akaniita mwanangu mwenye akili. Furaha ile ingetosha kunishtua, lakini nilikuwa na watu wakinisubiri mezani.

Mama alimpa fundi ujumbe kama alivyousikia, na alisikia alichokuwa akikitaka siku zote: azibe. Chapchap akaziba. Na huyu mtu anayelipua kila kazi, hii hakuilipua. Mawe, saruji, plasta juu, akalainisha kwa mwiko mpaka ukuta ukawa kama haujawahi kutobolewa.

Jioni nilimuuliza mama kama fundi amemaliza. Akasema amemaliza, tena safi. Sikuzunguka nyuma kutazama.

Mvua ilishuka Jumamosi mchana, nikiwa jikoni natega mabeseni chini ya bati linalovuja. Nilipofungua mlango wa nyuma nilikuta ua umekuwa bwawa. Kandambili zinaelea, na maji yamepita kizingiti cha chumba cha mama. Nikaingia, maji yakanifika magotini. Nikasukuma mlango wake. Ulifunguka upana wa kiganja, ukagoma.

"Mama, toka."

"Nitokee wapi? Maboksi yameangukia mlangoni."

"Yavute."

"Yameloa, yanapasuka. Na nguo za baba yako zimo humu, usiniharakishe."

Nikamwambia apande kitandani, akae upande wa dirisha, mbali na ukuta wa nyuma. Kisha nikaenda kuzibua tundu kwa mtaimbo. Nilipapasa chini ya maji ukuta mzima wa ua. Mkono wangu haukukuta shimo. Ulikuta plasta, laini kama sahani.

Nikamfuata Chapchap kwake. Alikuja mbio na nyundo kubwa, na tulipofika ukutani nikamuuliza nani alimwambia azibe.

"Mama mwenyewe. Kasema ni agizo lako, dada."

"Nilisema azibue."

Alijipangusa maji usoni. "Nilimuuliza mara mbili," akasema. "Mara zote mbili alisema ziba."

Akaanza kupiga. Kazi yake mwenyewe ilimkatalia. Mimi nilikuwa nikichokoa kwa mtaimbo kila nyundo ilipoinuka, na mama alikuwa akituuliza dirishani tunabomoa nini. Hatimaye plasta ilipasuka, jiwe la kwanza likatoka, maji yakaanza kuvuta kwa mkoromo. Nikageuka kumwambia mama tumepata. Ndipo ukuta wa nyuma wa chumba ulipokaa chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa, kama mtu aliyechoka kusimama, kisha ukaingia ndani na dari ikaufuata.

Mama hakuwa dirishani. Alikuwa ameshuka kuokoa magunia.

Tulimtoa kupitia pale palipokuwa na ukuta, tukitupa nje vitu nilivyomwomba kwa miaka atupe. Nguo za baba zilimlinda kifua. Viti vya kukunja vilimvunja nyonga.

Hospitalini daktari amenitoa hadi kwenye korido na kunieleza bila kuzunguka, nami nikamshukuru kwa hilo. Mfupa hawataugusa. Maji aliyoyavuta chini ya kifusi yameshuka mapafuni, na kwa umri wake nisitegemee kurudi naye nyumbani.

Leo alifumbua macho, akanitazama kama ananikagua. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname.

"Lile tundu. Msije mkaliacha wazi. Wataingia."

Tundu liko wazi, limepanuliwa na nyundo, ndoo inaweza kupita. Na panya hawana tena chumba cha kuingia.

"Tumeziba, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri. Na plasta juu."

Akafumba macho. Nikamvutia shuka hadi mabegani, nikakaa kusikiliza kifua chake kikikoroma.