Ushuhuda wa Bagalwa

Simu ya Mzee Anicet, mkubwa wa watu wa kwao huko ugenini, ilimkuta Bernardine koridoni, nje ya chumba ambamo mumewe, Bagalwa, alisubiri kuitwa mbele ya wabunge wa jimbo huko Saint Paul, Amerika.

"Mama Heri, mama mkwe wako ametutoka asubuhi hii. Ni presha, na dawa zimekosekana Bukavu. Usimwambie huko. Mlete nyumbani, mtatukuta tumeketi."

Ndivyo ilivyo desturi yao: mtu hapewi msiba njiani. Huambiwa akiwa amekaa, amezungukwa na watu wa kumshika. Bernardine akafuta uso, akaingia.

Bagalwa aliwahi kufundisha historia chuo kikuu. Hapa alikuwa balozi asiye na ubalozi. Tangu waasi walipouteka mji wao, alizunguka makanisani na maofisini akiomba Amerika isaidie kuukomboa. Leo ndiyo mara ya kwanza wakubwa kukubali kumsikiliza.

"Tai imekaa sawa?" alinong'ona.

"Imekaa. Usiwape mhadhara tu."

Mbele ya wabunge Bagalwa alisema vizuri kuliko siku zote. Mbunge mmoja, mama wa makamo, akamuuliza ana nani kule.

"Mama yangu. Nilizungumza naye Jumapili. Amesema hafi kabla sijarudi, na kwa ubishi hana mwenzake."

Watu wakacheka. Bernardine akainamisha kichwa.

Garini Bagalwa hakunyamaza. "Umemwona yule mbunge? Ameandika jina la Mama. Tukifika nitampigia Mama, nimwambie anajulikana Amerika."

Bernardine alikaza mikono kwenye usukani mpaka Burnsville, walikokaa.

Mbele ya nyumba yao magari yalikuwa yamejaa, mchana wa siku ya kazi. Bagalwa akayatazama moja moja, magari ya watu wa kwao. Hakuuliza nani. Aliuliza lini.

"Asubuhi. Kabla hujaingia kusema."

"Ukaniacha niwachekeshe."

"Ningekuambia, usingefungua mdomo. Na umeingoja siku hii muda gani, Papa Heri?"

"Hilo lilikuwa langu kuamua."

Bernardine akazima gari. Mzee Anicet akaja kumfungulia Bagalwa mlango, akamwongoza ndani. Wanaume walimkalisha katikati yao, wakampa habari kwa utaratibu wake, naye akawasikiliza mpaka mwisho kama mtu asiyejua. Kisha akalia kwa sauti, na mikono mingi ikamshika.

Bernardine alipoinama kumgusa bega, Bagalwa alilisogeza kando.

Bernardine akaenda jikoni kuwachemshia watu chai.