Nta ya Zambarau

Asgeir alifika chini kabla ya koleo lake. Alikuwa juu ya paa akisukuma theluji iliyolilemea, akakanyaga pasipofaa, na theluji yote ikamporomosha kama gunia. Turid, mkewe, alitoka jikoni na kisu cha viazi mkononi, akamkuta ameketi katikati ya rundo jeupe, kofia imemshukia machoni, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda upande ambao Mungu hakukusudia.

"Sasa nani atapaka nta?" ndiyo kauli ya kwanza iliyomtoka.

Mkono wenyewe hakuuulizia. Ilikuwa wiki ya kuamkia Pasaka, na kwetu bondeni Pasaka ni skii. Kila mwenye miguu hufunga zile mbao mbili ndefu nyayoni, akashika fimbo zake mbili, akapanda milimani kwenye kinyumba chake kuota jua na kula machungwa. Mtoto wa kwetu huanza kuteleza akiwa bado na nepi, na mzee huacha siku anayoachwa na pumzi. Na skii bila nta ni kazi bure. Nta ndiyo inayoshika theluji unapopanda na kuiachia unapoteleza. Ipo ya buluu ya siku za baridi, ipo ya zambarau ya siku theluji inapoanza kulegea, na ukikosea rangi utalaani siku uliyozaliwa. Ndiyo maana wanaume wetu wanaweza kukuachia gari, shamba, hata kadi ya benki, lakini kisanduku cha nta hawakuachii. Turid alikuwa hajawahi hata kukifungua cha kwake nyumbani.

Yeye si mzaliwa wa hapa. Alitoka pwani ya magharibi, kunakonyesha mwaka mzima na theluji hudumu nusu siku, akaletwa kufundisha shule yetu akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Asgeir alimwona akivuka uwanja wa shule kwa hatua za bata, akamwambia, "Mwalimu, ukitaka kuishi na sisi lazima ujue kuteleza." Akamfundisha. Jumapili ya kwanza Turid alianguka mara nyingi kuliko alizosimama, akarudi nyumbani amelowa hadi kwenye mifupa, anacheka. Alikuwa amekolea. Wapo watu ambao mchezo huu huwaingia kwa kuzaliwa nao, na wapo wanaoupenda kama mtu anavyopenda mchumba, wakijua wazi kwamba wangeweza kuukosa. Turid alikuwa wa kundi la pili.

Jumapili ya nne aliteremka Merrabakken, mteremko mkali ulioko nusu ya njia ya kwenda kwenye kinyumba chao, akavunjika mguu. Asgeir alimvuta kwa kigari cha theluji hadi barabarani, analia kuliko mgonjwa. Walioana kiangazi kilichofuata, na tangu hapo Asgeir ndiye aliyempakia nta.

Na tangu hapo Turid akawa mzito. Hakuelewa kwa nini. Alisukuma kama wenzake, akapumua kama wenzake, lakini mbao zake zilikuwa zikienda kidogo na kusimama, zikienda kidogo na kusimama. Bondeni tukamwita Turid Polepole, kwa mapenzi tu, ingawa mapenzi ya namna hiyo nayo huchoma. Watoto wake walimpita wakiwa na miaka sita. Kila Pasaka alikuwa akifika kinyumbani wakati wengine wameshavua viatu, wameshakula, na jua limeshahama ukutani. Yeye alisema, "Ah, mimi mtu wa pwani bwana," akacheka nao.

Mwaka huu, magoti yakimuuma na miaka ikikaribia sabini, alikuwa ameamua kwamba basi. Pasaka hii iwe ya mwisho. Alikuwa hajamwambia mtu. Alijua maana yake: barabara haifiki kule, na vyombo vya moto haviruhusiwi huko ila kubeba wagonjwa, naye hakutaka kubebwa kama mgonjwa. Kuacha skii kulikuwa kuacha kile kinyumba, moto wa asubuhi, na ule ukimya ambao aliupenda kuliko kitu chochote nchini humu, ukimtoa huyo aliyelala na mkono uliofungwa plasta kifuani.

Alhamisi Kuu Asgeir alikaa kwenye kigoda bandani, mkono umening'inia, akiamrisha kama jemadari.

"Futa nta ya zamani kwanza. Usikwaruze hivyo, mama, hupari samaki hapo! Haya. Sasa, zangu, buluu. Katikati tu, chini ya kiatu. Kidogo. Kidogo nimesema!"

"Na zangu?"

"Zako zambarau."

"Baridi yote hii?"

"Zambarau. Anza huku mbele karibu na ncha, shuka nayo mpaka kisiginoni. Paka haswa, usiionee huruma."

"Mbona zako kidogo na zangu nyingi hivyo?"

"Wewe mwepesi, bwana. Mtu mwepesi anahitaji nta nyingi," Asgeir alisema, akageuka kutazama dirishani, ingawa dirisha lilikuwa limeganda barafu na hakuna kilichoonekana.

Turid akafungua kopo la zambarau. Lilikuwa limekwanguliwa hadi chini. La buluu lilikuwa karibu jipya. Akatafuta kwenye kisanduku, akakuta makopo mengine ya zambarau, yote matupu, wakati huo Asgeir ameshaingia ndani kutafuta kahawa. Duka lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Turid alisimama pale na skii yake mkononi, akajisemea kwamba kwa mtu anayekwenda kuaga, rangi yoyote itamfikisha. Akazipaka zote buluu, zake na za mumewe, katikati tu, kidogo.

Asubuhi yake theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya miguu. Asgeir alitangulia, fimbo moja mkononi, begi dogo mgongoni. Turid akafunga viatu, akasukuma mguu wa kulia kama alivyozoea, kwa nguvu ya mtu anayesukuma kabati.

Akaenda. Akaendelea kwenda. Akasubiri kusimama, hakusimama. Alisukuma mguu wa pili, na miti ikaanza kumpita pande zote mbili. Nusura amkanyage Asgeir visigino.

"Pole pole huko nyuma!" Asgeir akasema.

"Sogea."

"Nini?"

"Sogea, Asgeir, nashindwa kusimama!"

Asgeir akajitupa pembeni mwenyewe, Turid akampita. Alimsikia akiita jina lake mara mbili, kisha akamsikia kwa mbali, kisha hakumsikia kabisa. Kifua kilimfunguka. Magoti hayakusema kitu. Alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa, akacheka peke yake msituni kama mtu aliyeokota pochi.

Chini kidogo ya Merrabakken, upande wa kupandia, kuna banda la zamani la majani makavu, na ukuta wake wa kusini ndio mahali pa kupumzika. Hapo alikuwa ameketi Magnhild, jirani yao wa mlimani, mama anayekaribia themanini ambaye bado huenda na kurudi siku hiyohiyo na kuwasema wanaolala njiani. Alikuwa amenyoosha miguu juani, anamenya chungwa. Alimwona Turid anakuja, akakinga macho.

"Shoga, uko peke yako? Mzee amekufa?"

"Yuko nyuma."

"Nyuma yako wewe?"

"Nyuma yangu mimi."

Magnhild akaweka chungwa chini. "Hebu inua mguu." Turid akainua. Mama akapitisha kidole chini ya ubao, akanusa, akautazama uso wa Turid, kisha akaangua kicheko hadi kofia ikamvuka. "Buluu! Jamani, buluu! Kwani hakukupaka yeye?"

"Amevunjika mkono. Nimepaka mwenyewe. Kuna nini?"

"Kuna nini, anauliza! Turid, mwanangu, bonde zima linajua. Asgeir anakupaka zambarau kwenye baridi, ncha mpaka kisigino, kama anapaka mkate siagi. Hiyo hunata kwenye theluji ya baridi, haiachii; angekufunga nanga ingekuwa nafuu. Sisi tulidhani mmekubaliana!"

Nayasimulia haya kama nilivyoyapata kwa Turid mwenyewe na kwa Magnhild, na Magnhild huongeza chumvi, lakini hapa wote wawili wanasema neno moja: Turid aliketi. Alichukua kipande cha chungwa alichopewa, akakishika bila kukila, hadi Asgeir alipotokea kwenye miti, jasho linamtiririka, plasta yake imetapakaa theluji.

Akawaona wanawake wawili wanamtazama. Akajua.

"Zambarau ilikuwa imeisha," Turid akasema.

"Ahaa."

"Ahaa nini? Sema kitu."

Asgeir alichomeka fimbo yake thelujini, akaichomoa, akaichomeka tena. "Ulivunjika mguu, Turid. Hukuona sura yako siku ile. Mimi niliiona. Nikajiapia."

"Hiyo ilikuwa kabla ya ndoa! Watoto wamezaliwa, wamekua, wamekwenda zao!"

"Najua."

"Wananiita Polepole. Na wewe unacheka nao."

"Sijawahi kucheka sana."

"Usinitanie!" Sauti yake ilikwenda hadi mlimani ikarudi. Magnhild alishika chungwa lingine, akalimenya kwa umakini wa mtu anayetegua bomu. "Nilidhani ni mwili wangu, Asgeir. Unanisikia? Miaka yote hii nilidhani ni mimi, kwamba sikuumbiwa. Nilikuwa niache. Hii ilikuwa iwe Pasaka yangu ya mwisho, nishaamua, nilikuwa natafuta tu namna ya kukwambia."

Rangi ikamtoka Asgeir. Ni mtu mkubwa, lakini alikaa juu ya theluji pale pale, bila ya kutandika kitu, kama siku ile alipoporomoka kutoka paani.

"Uache?" akasema. "Uache kuja juu?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya nta yangu."

"Kwa sababu ya nta yako."

Hakujitetea tena, na kwa hilo nampa heko. Alifuta uso kwa mkono mzima. "Mwanzoni ilikuwa hofu," akasema. "Mungu wangu, hofu tu."

"Na baadaye?"

"Baadaye..." Akatikisa kichwa. "Nisamehe. Nenda mbele. Usinisubiri mimi."

Turid alikula kile kipande cha chungwa. Hasira bado ilikuwepo, na ingekuwepo kwa siku kadhaa, tunajua sote, kwa sababu duka lilipofunguliwa alikwenda kununua kisanduku chake mwenyewe na kuandika jina lake juu kwa herufi kubwa. Lakini miguu ilikuwa inamwasha. Akafunga begi, akamwachia Asgeir mkate wake wenye jibini la kahawia, akaondoka.

Alipanda hadi juu ya Merrabakken. Hapo ndipo alipokuwa akivua skii kila mwaka na kuteremka kwa miguu, amezibeba begani, huku watoto wa watu wakimpita wanapiga kelele. Alisimama ukingoni. Ziwa lilikuwa chini, jeupe tupu. Aliogopa kabisa, hakuna haja ya kusema vingine. Akapinda magoti, akaelekeza ncha chini.

Magnhild anasema alisikika hadi bandani. Turid anasema hakupiga kelele, aliimba. Lililo hakika ni kwamba alifika chini amesimama, akaenda mbali juu ya ziwa kwa mwendo ule ule wa mteremko bila kugusa fimbo, na alipokoma ndipo alipoanguka, kwa makalio, kwa kucheka. Alilala chali akitazama anga. Kisha akasimama akaenda tena.

Akavuka ziwa. Akapanda kilima cha mwisho, ambacho nyuma yake kuna kinyumba, na juu yake kuna mwamba ambao upepo huufagia theluji. Jua lilikuwa bado juu, lote lake. Angeweza kuendelea, akawashe moto, avue viatu awe wa kwanza mara moja maishani. Alivua begi, akaketi mwambani ajimiminie kakao, akageuka alikotoka.

Kule mbali, chini ya Merrabakken, doa jeusi lilikuwa limeingia ziwani. Lilikuwa dogo mno, na ziwa kubwa mno. Lilisogea, likapumzika, likasogea. Baada ya muda likawa na kichwa. Kisha likawa na fimbo moja, na ule mwinamo wa bega la kushoto ambao fundi nguo hulalamikia kila anapomshonea koti. Turid alikuwa ameujua mgongo wa mtu yule kwa maisha yake yote milimani, begi lake, visigino vyake, mvuke wa pumzi yake ukipita juu ya kofia. Hakuwa amewahi kumwona akija.

Alikuwa anakuja kwake. Hapakuwa na mtu mwingine wala njia nyingine kwenye weupe ule wote. Kila hatua aliyopiga, alikuwa anampigia yeye. Hiki ndicho Asgeir alichokuwa akikitazama kila Pasaka, ile "baadaye" ambayo hakuimalizia. Asgeir akainua uso, akamwona mwambani, akanyanyua fimbo juu.

Turid akapunga mkono. Kisha akakifunika kikombe cha kakao kwa glavu kisipoe, akajiegemeza vizuri kwenye mwamba wenye joto, na akatamani Asgeir asiharakishe.