Lugha ya Kumzikia Mama

Mama yake Viviane alifariki hospitalini, kule Jette. Kesho yake kaka yake Viviane, Humphrey, akashuka kwenye treni kutoka Rotterdam akiwa ameshapanga mazishi yote. Nyimbo kwa Kiholanzi, sala kwa Kiholanzi, na msemaji ni yeye.

"Na mimi nitasema," Viviane akamwambia. "Kwa Sranan, lugha ya kwetu."

Humphrey akaweka kikombe chini. "Hiyo si lugha. Ni Kiingereza cha watumwa kilichovunjikavunjika. Mama alikuwa mwalimu huko kwetu Paramaribo. Alituosha midomo kwa sabuni tukiizungumza. Leo unataka kumwaibisha mbele ya jeneza lake?"

Ni kweli, aliwaosha, na uchungu wa sabuni ile Viviane hakuusahau. Lakini Humphrey hakuwapo wiki zile za mwisho, Kiholanzi kilipomtoka mama chote akabaki na Sranan tupu. Kwa lugha hiyo aliomba maji, kwa lugha hiyo alimwita bibi yake aliyekufa zamani, na kwa lugha hiyo hiyo alimwomba bintiye msamaha.

Jioni mama mkwe wa Viviane, maman Kasoki wa Goma, alimsikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Hata siye, Batanzania banachekaka Swahili yetu, ati imevunjika," akasema. "Alors, tunyamaze? Mutoto yangu, mama ni wako. Umuzike na luga yenye alikufa nayo."

Siku ya mazishi, Humphrey alipomaliza hotuba alimpa mpiga kinanda ishara. Viviane akainuka hata hivyo. Akasimama kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akaanza kusema Sranan huku kinanda kikimfunika.

"Kaa chini," Humphrey akamnong'oneza. "Watu wanatazama."

"Watazame."

Akapaza sauti. Maman Kasoki, asiyeelewa hata neno moja, akaondoka kitini, akamwendea mpiga kinanda na kumshika bega. "Papa, pumzika kidogo," akamwambia kwa Kifaransa. Kinanda kikanyamaza.

Viviane akamweleza mama yake habari ya sabuni, tena bila kupunguza kitu. Akamwambia amemsamehe. Mwisho akasema, "Mama, waka bun," yaani nenda salama.

Kisha shangazi yake wa Antwerp, mwanamke ambaye maisha yake yote hajasikika katika hadhara akisema kingine ila Kiholanzi, akajibu kutoka nyuma akimwita marehemu dada: "Waka bun, sisa." Mwingine akafuata, na mwingine, hata wazee wa Rotterdam walioalikwa na Humphrey.

Baada ya maziko Humphrey hakula nao. Kupitia dirisha la ukumbi wa Saint-Josse, Viviane alimwona akielekea stesheni bila kumuaga. Ilimuuma, maana ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyebakiwa naye. Hakumkimbilia. Shangazi alikuwa ameanza kusimulia utundu wa marehemu alipokuwa msichana, kwa Sranan, kwa sauti ya juu, na watu wanacheka. Viviane akavuta kiti, akaketi kusikiliza.