Maziwa Yaliyopigwa Radio

Habari mbaya haingojei pikipiki. Darlène alikuwa bado hajafika Wamaza, katikati ya njia ya kurudi nyumbani, amekaa nyuma ya Radjabu, dereva wake, na kwao Kabambare watu walishajua kwamba amechomwa.

Nani alichomwa? Alianguka tu. Siku ya soko pikipiki iliteleza kwenye matope, akaangukia bega la kushoto, likavimba hata mkono haukuinuka. Wakamkimbiza Kasongo, hospitali, na mtoto wake Grâce, wa miezi minne, akabaki kwa bibi yake. Huko fundi wa picha za mifupa, jina lake Dominique, alimsimamisha mbele ya mashine, akamwambia asipumue, mashine ikalia kidogo, basi, imeisha. Mfupa mzima. Dominique akamweleza taratibu kwamba ule mwale umepita kama mwanga wa tochi unavyopita kwenye kitambaa, haubaki mwilini, aende zake akanyonyeshe. Darlène alifurahi sana.

Shida ni midomo ya watu. Hospitalini walisema "kupigwa picha". Sokoni Kasongo ikawa "kupigwa radio", jina la Kifaransa la picha hiyo. Kwa wauza mafuta ya pikipiki njiani ikawa "kupigwa miale", na mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu akaapa kwamba miale hiyo ndiyo inayokausha damu. Wamaza wakasema ameunguzwa kwa ndani. Simu ilipofika Kabambare, Darlène alikuwa ameshapikwa. Neno moja lina ndugu wengi, na kila ndugu aliyeingia aliingia na mzigo mzito kuliko wa mwenzake.

Yeye hakujua lolote. Walipopumzika Wamaza bega lilimuuma kwa mitikisiko ya njia, Radjabu akamnunulia kikopo cha dawa ya kupaka, ile kali inayofungua pua, akajisugua kwa kiganja. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi yameloesha kitenge. Alichotaka ni mtoto wake tu.

Mama mkwe wake, Mama Euphrasie, si mwanamke mbaya. Wanaosema hivyo hawajala kwake. Walipofika Kabambare alimpokea vizuri, akampa kiti na maji, akamuuliza habari za njia. Lakini mtoto alibaki mgongoni. Grâce aliposikia sauti ya mama yake akaanza kulia, kilio kile cha njaa chenye kwikwi, maana uji mwepesi aliokuwa akinyweshwa alikuwa anautema. Darlène akanyoosha mikono.

"Hapana kwanza, Mama Grâce," Mama Euphrasie akasema. "Wewe walikuunguza. Na maziwa yenyewe iliungua mule ndani. Siwezi kumupa mutoto sumu."

Darlène akaeleza yote, mashine, tochi, kitambaa. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema kwamba huyo Dominique siye atakayemzika Grâce.

Katika ukoo huo maziwa yakishukiwa hayabishaniwi, yanapelekwa kwa sisimizi. Mama anakamua matone kwenye jani la mgomba, jani linawekwa kwenye njia yao. Wakinywa, mtoto ananyonya. Wakifa, mtoto anatafutiwa ziwa lingine. Darlène alikubali upesi. Siku ile aliwaamini sisimizi kuliko watu, kwa sababu sisimizi hawana simu.

Akakamua. Majirani wakachuchumaa kuzunguka jani. Sisimizi wa kwanza akagusa tone, akarudi kinyumenyume. Wengine wakakimbilia pembeni. Wawili wakapinduka, miguu juu, wakatulia.

Mama Euphrasie akainuka, akakaza kitenge cha mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba atampeleka Grâce kwa jirani yao Ernestine, aliyejifungua majuzi, na Darlène afunge kifua mpaka maziwa yakauke. Ziwa likikauka limekauka, na mtoto aliyezoea harufu ya mwingine anakuwa wa mwingine. Darlène akalia mbele za watu bila haya, akajifuta machozi kwa kiganja.

Loo! Macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Akaruka kutoka kwenye kiti, na wale wanawake wakajua sasa moto wa radio umepanda hadi machoni. Lakini Darlène alikuwa ameleta kiganja puani. Akanusa, akanusa tena, akaanza kucheka huku machozi yanatiririka.

"Mama, nusa," akamwambia mkwewe.

Mama Euphrasie akanusa, akapiga chafya, na mtoto mgongoni akashtuka. Mkono huo huo uliosugua dawa ndio Darlène aliokuwa amekamulia maziwa. Basi akavutwa hadi uani akaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, mikono, kifua, hata shingo, kama chungu cha karamu. Jani jipya likakatwa, likawekwa mahali pengine. Akakamua tena. Sisimizi akaja mmoja, akainamisha kichwa. Akaja wa pili. Mara wakawa wamelizunguka lile tone wote, kama walioalikwa arusini, na hakuna aliyeondoka wala aliyekufa.

"Basi hawakukuunguza," Mama Euphrasie akasema polepole, kama anayechagua maharage. "Walikumulika tu."

Majirani wakalichukua neno hilo jipya, wakaondoka nalo. Mama Euphrasie akafungua kitenge, akampa Darlène mtoto. Grâce akashika ziwa kwa nguvu hata mama yake akauma meno, na ile raha ilimshuka Darlène mpaka kwenye nyayo. Mama mkwe akakaa chini karibu nao. Akaitegea sikio ile sauti ya kumeza.

"Mbele ya kumuzaa baba Grâce nilizaa mwingine," akasema, bila kumtazama. "Nilimunyonyesha niko na homa. Akakufa. Watu wakasema ni maziwa yangu ilimuua. Mimi hakuna mutu alinipimia."

Darlène hakujua hilo. Mume wake pia hakujua, maana angejua angemwambia.

"Haikuwa maziwa, mama."

Mama Euphrasie akavuta pindo la kitenge, akajifuta uso.

"Sema tena," akasema.

Darlène akasema tena, akamhamishia mtoto ziwa la pili.