Maji ya Bwana Afya

1.
TANGAZO
(kipaza sauti cha kanisa, juu ya pikipiki)

"Mzee Yohane Singano, aliyekuwa Bwana Afya wa tarafa yetu, hatunaye tena. Mazishi ni leo mchana, nyumbani kwake. Kila kaya ije na kuni. Vijana wenye majembe na sururu mnaombwa mfike map—"

Pikipiki ikakata kona.

2.
Rahabu, binti mkubwa wa marehemu, alilisikia tangazo akiwa anakunja shuka. Akamaliza kukunja. Akajisikiliza kifuani.

Kimya.

Akachukua shuka nyingine.

3.
Yaliyosikika jikoni, kwa akina mama wapishi:

— Huyu binti mbona macho makavu?
— Ndiyo kukaa mjini huko.
— Mjini gani, mwenzangu! Mimi baba yake alinifungia mgahawa, na bado nimelia.
— Wewe ulilia mgahawa.

Wakacheka, wakaziba midomo kwa khanga.

4.
Shangazi Foibe alimvuta pembeni.

"Mwanangu, jeneza likitoka, ulie. Hata kidogo. Watu watasema ulikuwa na neno na baba yako."

"Ndiyo, shangazi."

Maneno ya watu hayakumtisha. Alichoogopa ni kwamba huenda kweli hakuwa na chozi la yule mzee, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kulitafuta.

5.
WASIFU WA MAREHEMU
(Amosi, mdogo wake Rahabu, anajizoeza kuusoma nyuma ya nyumba)

"Marehemu aliajiriwa serikalini katika Idara ya Afya, ambako aliutumikia umma kwa uadilifu na uaminifu mkubwa hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria. Alikuwa mume mwema na baba mwe— Dada, niseme baba mwema au baba mpendwa?"

"Sema lolote."

6.
Wewe unayesoma, hukumjua, basi ngoja nikuchoree. Alikuwa akiingia nyumbani kwako anaangalia kwanza mtungi wa maji. Hauna kifuniko? Salamu uisahau. Harusini alikula ndizi tu, tena aliyoimenya mwenyewe. Alikuwa kero, jamani, tusidanganyane kwa sababu amekufa.

Wanawe hakuwakumbatia. Alikagua kucha zao.

7.
Samweli.

8.
Samweli alikuwa kitinda mimba. Kipindupindu kilipoingia, baba yake alikuwa kata ya pili, anafunga visima vya watu. Aliporudi akakuta mtoto ameshazikwa, maana maiti ya ugonjwa ule haikungojewa.

Kesho yake alfajiri aliwasha moto mwenyewe, akabandika maji ya kunywa ya nyumba nzima. Akatundika kioo kwenye mpera, akanyoa ndevu taratibu. Maji yalipochemka, hakuyagusa. Aliyaepua alipomaliza kunyoa.

Ikawa hivyo kila siku, hata ndevu zilipokuwa hazijaota. Alipostaafu, wenzake wakamtania: Bwana Afya, serikali imeshakuachia, lala! Hakulala.

9.
Mchana, Rahabu akipita uani, aliona pipa liko wazi. Kikombe kinaelea. Waombolezaji wanachota, wanakunywa, wanapokezana.

"Shangazi, haya maji yamechemshwa?"

"Yachemshwe na nani?"



Na nani.



10.
Akawasha moto. Akabandika sufuria kubwa.

"Rahabu! Mwili unatoka!"

"Yachemke kwanza."

"Makubwa haya! Mchungaji anasubiri!"

"Asubiri."

Amosi akaja mbio, wasifu mkononi, kikombe mkono wa pili. "Dada, tafadhali, watu wana—"

"Hayo umechota wapi?"

"Kwenye pi—"

"Mwaga."

Amosi akamwaga, upesi, kama alivyokuwa akimwaga utotoni. Jikoni mama mmoja akafunika sufuria ya wali. Mwingine akafunika mchuzi. Yule wa mgahawa akainuka, akaenda kulifunika pipa.

Mama yao, mjane aliyepaswa kuwa amekaa chini ndani, akatoka. Akapiga magoti mekoni, akasukuma kuni.

"Mpeni mchungaji kiti," akasema.

11.
Maji yakachemka.

Mama akashika vitambaa vya kuepulia. "Yametosha?"

Rahabu akageukia mpera. Kioo kilikuwa bado kimening'inia. Brashi ilikuwa pale pale kwenye panda la mti, povu limeikaukia. Ndani ya kioo hapakuwa na mtu anayenyoa. Walionekana wanaume wamebeba jeneza, wamesimama, wanangoja.

Hapo ikamuuma. Tangu aletewe habari, hapo ndipo ilipomuuma.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui," mama akasema. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Maji yakaendelea kuchemka.

Hakuna aliyeepua.